Akademia za soka: Gharama ni kubwa, Majengo itavuna nini?

KILA siku alasiri, jua la Mombasa linapopunguza ukali wake, vichochoro vya mtaa wa Majengo hugeuka viwanja vya kandanda. Mawe mawili huwa mlingoti, mpira wowote uliopo huwa gozi la kimataifa, na mechi haikatizwi ila na mkokoteni wa maji unaotaka kupita au adhana ya magharibi. Wenye bahati zaidi hupata nafasi katika uwanja wa shule ya Ronald Ngala, ambako timu kadha hugawana ardhi ile ile, kila moja na kona yake.

Baadhi ya watoto hao wana vipaji visivyohitaji darubini kuonekana. Mtoto wa aina hiyo anapofikisha miaka kumi au kumi na mmoja, mzazi wake huanza kufuatwa na watu. Huyu ana akademia Nairobi, yule anajuana na wakala wa klabu ya Ulaya, na mwingine anataka ada ya majaribio tu, mengine yatajileta yenyewe.

Swali linalomkosesha mzazi huyo usingizi ndilo ambalo serikali za kaunti, wafadhili na Shirikisho la Kandanda la Kenya (FKF) wangepaswa kujiuliza. Je, mipango hii ya kuteua watoto wachache na kuwalea kwa gharama kubwa ina thamani ya fedha inazokula?

Jibu ni kwamba ina thamani kwa mwenye akademia, mara chache kwa mtoto, na karibu haina kabisa kwa mtaa uliomzaa. Sababu, hata hivyo, si uhaba wa fedha kama inavyodaiwa mara nyingi.

Historia ya Mombasa yenyewe ni shahidi wa kwanza. Mwaka 1965, miaka miwili tu baada ya ligi ya taifa kuanzishwa, ubingwa ulinyakuliwa na Feisal, klabu ya kisiwa hiki. Katika miaka 60 iliyofuata, hadi 2025, hakuna timu nyingine ya Pwani iliyotwaa taji hilo. Bandari ilikaribia katika msimu wa 2018/2019 ilipomaliza ya pili nyuma ya Gor Mahia, na mwaka huo huo ikajifariji kwa kushinda ngao ya FKF.

Enzi hizo ndizo zilizomtoa Ali Kajo, jina ambalo wazee wa Mombasa hulitaja hadi leo wakiwa kwenye vibaraza. Baadaye akaja kipa Mahmoud Abbas, aliyebandikwa jina la Kenya One, wakati Harambee Stars ilipolitwaa kombe la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983.

Hakuna kati yao aliyelelewa katika akademia. Kilichokuwapo ni ardhi tupu ya kuchezea, mashindano ya shule, na uhasama mtamu wa mitaa uliomlazimu kijana wa miaka 15 kupambana na watu wazima kila jumamosi. Si vyema kuitukuza mno enzi hiyo, kwani wengi wa mashujaa wake walizeeka bila akiba yoyote. Lakini kama chombo cha kuzalisha wachezaji, mtaa ulifanya kazi, tena bila kumtoza mtu senti.

Jaribio kubwa zaidi la njia iliyo kinyume na hiyo lilipita humu nchini 2007. Akademia ya Aspire ya Qatar ilizindua mradi wake wa Football Dreams, na katika mwaka wa kwanza ikawapima wavulana zaidi ya 400,000 katika nchi saba za Afrika, Kenya ikiwemo. Walengwa walikuwa waliozaliwa 1994, yaani wenye umri wa miaka 13 hivi. Waliopenya mchujo wote hadi kuchukuliwa wangetosha ndani ya matatu mbili.

Fedha hazikuwa tatizo. Doha kulikuwa na nyasi bora, madaktari, walimu na wakufunzi kutoka Ulaya. Isitoshe, kwa kuwa kanuni za FIFA zinakataza klabu kusajili mchezaji wa nchi nyingine kabla hajatimiza miaka 18, isipokuwa kwa masharti maalumu, Aspire iliinunua klabu ya Eupen ya Ubelgiji 2012 ili vijana wake wapate pa kuchezea wakifika umri huo.

Mradi huo haukutoka mikono mitupu. Moussa Wagué wa Senegal alipitia humo, akafunga bao katika Kombe la Dunia la 2018 na mwaka huo akajiunga na Barcelona. Henry Onyekuru wa Nigeria alisajiliwa na Everton 2017. Lakini hao ni wachache mno ukilinganisha na malaki ya watoto waliopangwa foleni mwaka baada ya mwaka, na kabla ya muongo wa 2010 kumalizika mradi ulikuwa umefungwa.

Kwa Wakenya, kuna jambo moja hapo linalostahili kutafakariwa kuliko yote. Michael Olunga alizaliwa Machi 1994. Alikuwa wa rika lile lile hasa ambalo Qatar ilikuwa ikilisaka kwa tochi katika viwanja vya Kenya.

Hakwenda Doha akiwa na miaka 13. Alisoma, akacheza shuleni, akapitia akademia ndogo ya jijini Nairobi, kisha Tusker, Thika United na Gor Mahia, akaondoka kwenda Sweden 2016 akikaribia miaka 22. Mwaka 2020 alikuwa mfungaji bora wa ligi kuu ya Japan kwa mabao 28, akateuliwa pia mchezaji bora wa ligi hiyo. Januari 2021 akasajiliwa na Al-Duhail. Klabu hiyo ni ya Doha. Qatar ilimpata hatimaye, ila ilimnunua akiwa amekwisha kuiva.

Kasoro haikuwa kwa wapimaji pekee. Katika umri wa miaka 13, jicho la mkufunzi huvutwa na mtoto aliyebalehe mapema: ana kifua, ana kasi, mpira wake unafika mbali. Mwenzake ambaye mwili wake utakuja kuamka akiwa na miaka 16 huonekana dhaifu na hurudishwa nyumbani. Katika nchi ambayo vyeti vya kuzaliwa huweza kukosekana au kupunguzwa miaka, tatizo huwa maradufu, kwani huenda yule mwenye kifua hakuwa wa miaka 13 hata kidogo.

Akademia inayoteua watoto 25 ikiwa imewaacha nje maelfu, huwa imeweka dau lake mapema mno. Mtaa hauna haja ya kuweka dau, kwani humwacha kila mtoto acheze hadi ukweli wake udhihirike. Mbwana Samatta wa Tanzania hakutoka katika bweni la kifahari. Alitoka Mbagala, Dar es Salaam, akachezea African Lyon na Simba, akavuka kwenda TP Mazembe 2011, Genk 2016, na 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi kuu ya Uingereza.

Watetezi wa akademia huelekeza kidole Afrika Magharibi, na hoja yao ina uzito. Akademia ya ASEC Mimosas mjini Abidjan, iliyoasisiwa na Mfaransa Jean-Marc Guillou katika miaka ya 1990, ndiyo iliyowatoa Kolo na Yaya Touré, Didier Zokora na Gervinho. Génération Foot ya Senegal, iliyoanza 2000, ilimlea Sadio Mané kabla hajaenda Metz ya Ufaransa. Right to Dream ya Ghana ilimlea Mohammed Kudus.

Ukizichunguza kwa makini, utaona kwamba siri yao si nyasi wala mabweni. Génération Foot ina mkataba wa miaka mingi na Metz. Right to Dream ilikwenda mbali zaidi, ikainunua Nordsjælland ya Denmark 2015. Vituo hivyo vina mlango wa kutokea, na faida inapopatikana Ulaya kuna njia ya kisheria ya sehemu yake kurudi nyumbani. Akademia isiyo na mlango huo ni shule ya bweni yenye mipira mingi.

Tuitazame hesabu hiyo kwa shilingi za Kenya.

Mwongozo wa karo uliotolewa na serikali 2015 uliweka Sh53,554 kwa mwaka kuwa kiwango cha mwanafunzi wa shule ya kitaifa ya bweni. Hicho ni kitanda, chakula na darasa kwa bei ya serikali. Tuseme akademia inataka kuwalea wavulana 30 kwa kiwango hicho. Itahitaji zaidi ya Sh1.6 milioni kila mwaka, na kwa miaka sita itakuwa imetumia takriban Sh9.6 milioni, kabla ya kumlipa mkufunzi, daktari na dereva, na kabla ya kununua jozi moja ya viatu.

Fedha hizo zitarudi vipi? FIFA ina kanuni mbili zinazowalinda waliomfunza mchezaji. Ya kwanza ni fidia ya mafunzo, inayolipwa kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na katika uhamisho wake hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23. Ya pili ni mchango wa mshikamano. Kila mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia tano ya bei hukatwa na kugawiwa timu zote zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23.

Chukua mfano wa Victor Wanyama. Mwaka 2013 Southampton iliilipa Celtic pauni milioni 12.5 kumpata kiungo huyo, aliyekuwa ameondoka Nairobi 2007 akiwa bado kijana kwenda Helsingborg ya Sweden. Kwa kanuni hiyo, timu iliyomlea mchezaji wa bei hiyo tangu miaka 12 hadi 15 hustahili asilimia moja, yaani pauni 125,000. Kwa thamani ya wakati ule, hizo zilikuwa takriban Sh16 milioni, fedha za kutosha kuwalisha na kuwasomesha wale wavulana 30 kwa miaka kumi.

Mchezaji mmoja tu, basi, angeilipia akademia nzima, na ndiyo maana biashara hii ina wafuasi. Lakini Wanyama ndiye aliyekuwa Mkenya wa kwanza kabisa kucheza ligi kuu ya Uingereza, na nchi ilimngoja nusu karne tangu uhuru. Mfanyabiashara anayepanga hesabu zake kwa kutegemea Wanyama mwingine anafanya kile ambacho vijana hufanya na karata za kubashiri matokeo ya mechi.

Na hapa ndipo Majengo inapoumia. Fedha za mshikamano hazilipwi mtaa, wala mkufunzi aliyekuwa akinunua mipira kwa mshahara wake wa bandarini. Hulipwa timu iliyosajiliwa na shirikisho, ambayo jina lake limo katika pasi ya mchezaji, pamoja na tarehe za kuingia na kutoka. Timu nyingi za mitaani hazina usajili huo. Zina jina, jezi, mashabiki na kumbukumbu, lakini hazina karatasi.

Matokeo yake ni kwamba mtoto aliyefunzwa kila kitu Majengo hadi miaka 14, akachukuliwa na akademia iliyosajiliwa, huandikwa kana kwamba alizaliwa siku aliyoingia huko. Tangu Novemba 2022 FIFA imekuwa na kituo maalumu mjini Paris cha kukokotoa na kusambaza malipo hayo bila klabu ndogo kulazimika kuajiri mawakili. Lakini kituo hicho husoma yaliyoandikwa, na kama hakuna lililoandikwa hakina la kusoma.

Kuna njia nyingine ya kutumia fedha, na haiko mbali. Chama cha michezo cha vijana cha Mathare, MYSA, kilianzishwa 1987 kwa ushauri wa Bob Munro, raia wa Canada, katika mtaa ambao ni maskini kuliko Majengo. Hakikuanza kwa kuteua. Kila timu iliyotaka kucheza iliruhusiwa, mradi ishiriki kuzoa taka, na usafi huo ukahesabiwa kama pointi kwenye jedwali la ligi. Vijana wenyewe walikuwa waamuzi, wakufunzi na waandaaji, na waliojitolea zaidi walisaidiwa karo.

Kutokana na umati huo ndipo ilipozaliwa Mathare United 1994, iliyokuja kutwaa ubingwa wa Kenya 2008. Dennis Oliech aliichezea kabla ya kwenda Qatar na Ufaransa. Kwa maneno mengine, wateule walipatikana, lakini walikuwa povu la bahari iliyokuwa imejaa tayari. Na yule asiyekuwa Oliech hakutupwa, kwa sababu hakuwahi kuahidiwa Ulaya.

Hapa Pwani, Moving the Goalposts ya Kilifi imetumia kandanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwafikia wasichana, na mafanikio yake huhesabiwa kwa waliobaki shuleni na waliojua haki zao kuliko kwa waliouzwa. Inafaa kukumbukwa pia kuwa timu ya kwanza ya Kenya kufika fainali za Kombe la Dunia la FIFA la aina yoyote ilikuwa ya wasichana wasiozidi miaka 17, Junior Starlets, 2024 katika Jamhuri ya Dominika. Wanaozungumza na wazazi wa Majengo kuhusu akademia huwaulizia wavulana pekee.

Shule nayo isidharauliwe. Aldrine Kibet na Amos Wanjala walionekana wakiwa wanafunzi wa St Anthony's ya Kitale kabla ya kupata nafasi katika akademia nchini Uhispania, na 2025 Kibet akasajiliwa na Celta Vigo. Mtaala mpya umeweka Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza 2026. Kwa mtoto wa Mombasa, ufadhili wa karo katika shule yenye timu nzuri ni dau salama kuliko akademia nyingi. Goti likivunjika, darasa bado lipo.

Kinachosikitisha ni kwamba mahitaji ya chini kabisa ndiyo yaliyopuuzwa. Uwanja wa manispaa wa Mombasa ulibomolewa ili ujengwe upya katika utawala wa gavana wa kwanza wa kaunti, Hassan Joho, na alipoondoka madarakani 2022 ulikuwa bado haujakamilika. Kizazi kizima cha wavulana kilivuka kutoka utoto hadi utu uzima kikiutazama kupitia uzio.

Mtaa wenyewe umelipia pengo hilo. Februari 2014 polisi waliingia kwa nguvu katika Masjid Musa, Majengo, wakawakamata vijana zaidi ya 100, baadhi yao watoto wa umri wa kwenda shule. Tangu siku hizo, michezo imetajwa mara nyingi katika warsha na makongamano kuwa dawa ya itikadi kali na mihadarati. Ikiwa ni dawa kweli, basi ni ya kugawiwa wengi. Programu inayochagua watoto wawili wa Majengo na kuwapeleka bwenini Nairobi inawaacha mamia palepale walipokuwa, ikiwa imewaondolea hata wale wawili waliokuwa wakiwatazama kwa kuiga.

Kwa fedha za kumlea mvulana mmoja bwenini mwaka mzima, ligi ya watoto wa mtaa ingeweza kupata mipira, chaki ya kuchorea uwanja na nauli ya mkufunzi kwenda kusomea cheti. Ligi kama hiyo haipigiwi picha nyingi na wafadhili, labda ndiyo sababu huwa haipati mwenyewe.

Hili halimaanishi kuwa mzazi anayefuatwa na akademia aifunge milango. Anaweza kuuliza maswali matatu au manne na kuyasubiri majibu kwa maandishi. Mtoto atasoma shule gani, na nani atalipa karo akikatwa kikosini? Akademia imesajiliwa na FKF au la? Ni wachezaji gani waliopitia humo, na wako wapi leo? Anayetaka ada ya majaribio au ya viza kabla ya kuyajibu hayo ameshajibu.

Kazi kubwa zaidi iko kwa viongozi wa timu za mtaa, na haihitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Hesabu ya FIFA huanza mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 12. Kila msimu anaocheza bila kuandikishwa ni robo asilimia iliyopotea, na hakuna kanuni inayoruhusu kuidai baadaye kwa ushahidi wa majirani. Cheti cha kuzaliwa, fomu ya usajili na saini ya tawi la FKF la Mombasa ndivyo vitakavyoamua kama jina la timu ya Majengo litakuwa katika pasi hiyo siku mtoto huyo atakapouzwa.